Umepunguzwa kazini na uchumi umelala? Anzia hapa

Mimi nilipunguzwa siku ya Alhamisi saa nane mchana. Tuliitwa watu kumi na mmoja kwenye chumba cha mikutano, tukapewa bahasha, na kitu cha kwanza nilichofanya nikitoka mle ni kurudi kwenye meza yangu kumalizia ripoti ya stoo niliyokuwa nimeiacha katikati, kama vile nikiimaliza vizuri watabadilisha mawazo. Kwahiyo kama na wewe umefanya kituko cha namna hiyo usijicheke sana, akili ya mtu aliyepigwa ghafla ndo ilivyo.

Nilikaa benchi miezi saba. Minne ya kwanza ilienda bure kabisa kwa sababu nilikuwa natafuta ajira. Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa na tunayachanganya kila siku. Ajira ni ile nafasi yenye barua, mshahara wa mwisho wa mwezi, kiti chako na droo yako. Kazi ni lile jambo lenyewe linalotakiwa kufanywa. Uchumi ukiyumba ajira ndo zinafungwa kwanza, kampuni zinaogopa kujifunga na mtu mpya wakati hawajui mwezi ujao watauza nini, ila kazi hazijaenda popote, mzigo bado unatakiwa uhesabiwe, mahesabu yafungwe, wateja wafuatwe madeni, na aliyekuwa anafanya hayo kashaondoka, yamerundikwa kwa mtu mmoja ambaye kila jioni anatoka amechoka na analalamika. Huyo mtu ndo unamtafuta. Nitarudi kwake.

Hatua ya 1: Usitoke getini mikono mitupu

Najua una hasira au aibu na unataka tu kuondoka, ila siku mbili tatu za mwanzo ndo za kukusanya karatasi, ukishaondoka kila kitu kinakuwa "njoo kesho".

Barua ya kuachishwa isome mstari kwa mstari. Angalia sababu iliyoandikwa. Kupunguzwa kwa sababu ya hali ya kampuni ni kitu kimoja na kuondolewa kwa utovu wa nidhamu ni kitu kingine kabisa, na hiyo sentensi moja itakufuata kwenye kila usaili, kwahiyo kama imeandikwa vibaya omba irekebishwe hapohapo wakati aliyeandika bado anakuonea huruma. Omba pia cheti cha utumishi, slipu za mshahara za miezi kadhaa, na tarehe bima ya afya itakapokata.

Malipo ya mwisho yana vipande vyake, vihesabu kimoja kimoja: siku ulizofanya kazi, likizo ambazo hukuchukua, hela ya notisi kama hukupewa muda wa notisi, na kiinua mgongo. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 158 wa mwaka 1982 unaosema mtu asiachishwe bila sababu ya msingi, apewe notisi au malipo badala yake, na apate kiinua mgongo au mafao fulani. Si kila nchi imeuridhia, ila nchi nyingi zina sheria yao yenye vitu vya aina hiyo, kwahiyo tafuta sheria ya kazi ya kwako usome hicho kipengele tu, kurasa chache. Na ukiletewa karatasi ya "nimepokea haki zangu zote na sina madai" usisaini wakati hela hujaiona. Sema "naomba niende nayo nyumbani nikaisome". Hakuna anayeweza kukushikia kalamu.

Namba za simu. Hiki ndo nusura nikikose. Simu ya ofisi inarudishwa, imeili ya ofisi inafungwa jioni ileile, na humo ndo wamo watu wako wote uliofanya nao kazi miaka mitano. Nakili majina na namba za watu uliokuwa unazungumza nao, wasambazaji, wateja, wa idara nyingine, mpaka madereva. Siri za kampuni achana nazo, usibebe faili la mtu, wewe unabeba mahusiano yako tu.

Hatua ya 2: Sema nyumbani, af hesabu wiki

Kuna watu wanavaa kila asubuhi wanaaga kama wanaenda kazini wiki tatu nzima. Usifanye hivyo. Utatumia nguvu nyingi kulinda uongo kuliko kutafuta kazi, na matumizi ya nyumbani yatabaki palepale kwa sababu hakuna anayejua kwamba yapunguzwe.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua pesa yote uliyonayo na unayotegemea kulipwa, gawanya kwa matumizi ya mwezi, lakini yale matumizi yaliyochujwa, siyo ya ulivyokuwa na mshahara. Jibu ndo muda wako. Mimi nilipata miezi mitano na kidogo, na nilivyoiandika ukutani niliacha kununua vitu vya ajabu ajabu siku hiyohiyo.

Kama una mkopo mpigie aliyekukopesha kabla hujakosa rejesho la kwanza. Mtu anayekuja kabla anasikilizwa, anayetafutwa anatishwa. Na kiinua mgongo usikiingize kwenye biashara mwezi wa kwanza, tafadhali sana, nimeona wengi. Mwezi wa kwanza unakuwa na hela mkononi na kidonda moyoni na watu wote wenye dili wanakujua, ni mchanganyiko mbaya.

Jiandae pia kwamba huenda ikawa ndefu. Ajira huwa zinarudi nyuma ya uchumi, hazirudi pamoja nao. Marekani baada ya msukosuko wa 2008, uchumi ulihesabiwa kuwa umeacha kushuka Juni 2009, lakini ukosefu wa ajira ukaendelea kupanda mpaka ukafika 10% Oktoba ya mwaka huohuo, na ilibidi kusubiri mpaka mwaka 2015 ndo ushuke tena mpaka 5% kama ulivyokuwa kabla. Kwahiyo ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba uchumi umepona na wewe simu yako bado kimya, hujalogwa.

Hatua ya 3: Toa hasira kwenye karatasi, siyo kwenye usaili

Hii nilikuwa naiona ya kizembe mpaka nilipokutana na utafiti wa mwaka 1994. Mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake walichukua wataalamu 63 waliopoteza kazi, wengi wao mainjinia wa kampuni moja, kundi moja likaandika siku tano mfululizo, dakika 20 kila siku, kuhusu kupoteza kazi na wanavyojisikia moyoni, wengine wakaandika mipango yao ya kawaida ya siku, wengine hawakuandika kitu. Baada ya miezi nane wale walioandika ya moyoni zaidi ya nusu yao walikuwa wameshapata kazi ya kudumu, wenzao walikuwa nyuma kwa mbali. Na siyo kwamba walituma barua nyingi zaidi au walipiga simu nyingi zaidi, hapana. Kilichodhaniwa ni kwamba walifika kwenye usaili hasira imeshapoa.

Kundi ni dogo, sikwambii ni dawa. Ila mimi najua nilichofanya kwenye usaili wangu wa kwanza. Dada aliyekuwa ananihoji aliniuliza kwa upole kabisa "kwanini uliondoka pale?" nami nikaongea dakika kumi. Nilimtaja meneja, nikamtaja na mtu aliyebakizwa wakati anafika kazini saa nne, nikafika mpaka kwenye kiyoyozi kilichokuwa kibovu. Yule dada aliacha kuandika kama dakika ya tatu hivi. Nilimwona anafunga kofia ya kalamu yake taratibu, na mimi bado naendelea tu.

Kwahiyo nunua daftari. Andika matusi yote. Hakuna atakayesoma.

Hatua ya 4: Siku yako iwe na mlango wa kuingilia

Miaka ya 1930 kulikuwa na kijiji Austria kinaitwa Marienthal, kiwanda kilichokuwa kinawaajiri karibu wote kikafungwa, wakaja watafiti akina Marie Jahoda wakae nao waone. Ungetegemea watu wenye muda wote huo wangesoma zaidi, wangekutana zaidi. Kumbe maktaba ya kijiji vitabu vikaazimwa vichache kuliko mwanzo na wanaume wakawa wanatembea polepole barabarani, wanasimama simama, ukimwuliza amefanya nini tangu asubuhi hakumbuki. Niliposoma hicho kipande nilijiona mwenyewe na rimoti yangu.

Sikupi ratiba maana ratiba za kwenye karatasi zinakufa Jumatano. Weka vitu viwili tu: saa ya kuamka isiyobadilika, na masaa matatu ya kutafuta kazi ambayo yana mwisho. Ukimaliza yale matatu funga, fanya mengine, tembea, fua, cheza na watoto. Anayesema anatafuta kazi siku nzima mara nyingi anashika simu siku nzima.

Hatua ya 5: Andika kazi unazoweza, siyo vyeo ulivyokuwa navyo

Chukua karatasi, usiandike "Afisa Ugavi Msaidizi Daraja la Pili", hicho cheo kilibaki kule. Andika vitendo. Mimi yangu ilikuwa: najua kuhesabu stoo bila kusimamisha biashara, najua kusafisha rekodi zilizovurugika, najua kujua mzigo gani utaisha wiki mbili kabla haujaisha, najua kubishana na msambazaji bila kugombana. Hayo ya mwisho huwezi kuyakuta kwenye cheti chochote na ndo yanayolipwa.

Ukishapata vitendo ndo urudi kwenye CV. Angalia tofauti. CV yangu ya zamani ilisema:

"Nilihusika na masuala yote ya stoo na majukumu mengine niliyopangiwa."

Sentensi hiyo hata mlinzi angeweza kuiandika. Nikaibadilisha ikawa hivi:

"Nilisimamia stoo yenye aina 1,400 za bidhaa. Tofauti kati ya rekodi na mzigo halisi ilikuwa inajirudia kila mwezi, nikaanzisha kuhesabu sehemu moja kila siku badala ya yote mwisho wa mwaka, na ndani ya miezi sita ukaguzi ukapita bila hoja."

Hapo kuna ukubwa, kuna tatizo, kuna nilichofanya na kilichotokea. Namba zako ziwe za kweli maana utaulizwa. Kurasa mbili zinatosha, picha na rangi rangi na majedwali achana nayo, kampuni kubwa nyingi zinapitisha CV kwenye programu ya kuchuja kwanza na hizo programu zinachanganyikiwa na mapambo, af tumia maneno yaleyale yaliyoko kwenye tangazo, wakisema "udhibiti wa mizigo" usiandike "usimamizi wa stoo" ukategemea mashine itaelewa ni ndugu.

Hatua ya 6: Watu. Hapa ndo kwenyewe

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Watu wengi tukisikia koneksheni tunafikiria mjomba mwenye cheo. Huna mjomba mwenye cheo, unakata tamaa. Sasa kuna mwanasosholojia Mmarekani, Mark Granovetter, kwenye utafiti aliouchapisha miaka ya 1970 alihoji watu waliokuwa wamepata kazi kupitia mtu wanayemjua, akawauliza kipindi hicho mlikuwa mnaonana mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa 16.7% tu. Mara mojamoja, 55.6%. Nadra, 27.8%. Yaani kazi zililetwa na watu wa mbali mbali, wa "habari yako" na "nzuri". Na ukifikiria ina maana kabisa, rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, mnakaa kijiwe kimoja, mnasikia umbea mmoja. Mtu wa mbali anaishi kwenye habari nyingine.

Kwahiyo tengeneza orodha ya watu hamsini. Ndiyo, hamsini, utafika ishirini utasema wameisha, endelea. Uliosoma nao, uliofanya nao kazi wakahama, wasambazaji, wateja waliokuwa wanakusumbua, mkufunzi wa kozi ya siku mbili, jirani wa zamani, fundi wa kompyuta aliyekuwa anakuja ofisini. Wafuate watano kwa siku, wiki mbili umemaliza.

Ujumbe ndo watu wanauharibu. Wanatuma "mambo, naomba unisaidie kazi yoyote" na CV juu. Huo ujumbe unampa mwenzio mzigo, hajui akusaidie vipi, anajisikia vibaya, anakaa kimya, na wewe unamwona ana roho mbaya. "Kazi yoyote" ni neno baya sana kwa mtafuta kazi, linasikika kama unyenyekevu lakini halina pa kushikia. Wangu wa mwisho ulikuwa hivi, uliotangulia ulikuwa mbaya usitake kujua:

"Habari za siku nyingi, samahani kwa usumbufu. Ni mimi wa stoo tuliyekuwa tunasumbuana kwenye ankara za mwisho wa mwezi. Miezi michache iliyopita nafasi yangu ilipunguzwa pamoja na za wenzangu kumi. Sikuombi uniajiri. Ninachouliza, huko unakopita ni nani anahangaika na stoo yake siku hizi, mzigo haujulikani ulipo au rekodi hazilingani? Ukimkumbuka mtu nitashukuru, na usipomkumbuka pia salamu zimefika."

Unaona swali lilivyo jepesi kulijibu. Unamwomba umbea tu, na umbea watu wanao.

Katika hamsini kama ishirini hawakujibu. Usiwahesabie. Baada ya siku kumi kumbusha mara moja, ukikosa achana naye. Walionijibu wengi walinipa pole. Watatu walinipa majina. Na aliyenifikisha nilipofika ni dereva wa msambazaji mmoja ambaye hata jina lake kamili nilikuwa silijui, kwenye simu nimemsevu "Dereva Mizigo". Alinipigia mwenyewe, akasema, "Bro, kuna stoo moja mimi napeleka mzigo kila wiki, nikifika nasubiri masaa matatu wanatafutana karatasi. Wewe nenda pale."

Hakuna tangazo lilikuwa limetoka. Lisingetoka pia, kampuni ile ilikuwa imesimamisha kuajiri.

Hatua ya 7: Omba kazi, ajira iache kwanza

Nilienda. Nikamkuta yule mtu niliyemtaja mwanzo, mama mmoja wa makamo, yuko peke yake kwenye nafasi za watu watatu, amezungukwa na mafaili. Sikumpa CV. Nilimwambia nimesikia mzigo unachukua muda kupokelewa, naomba nisimame pembeni nusu saa niangalie. Akaniangalia kama kichaa ila akakubali. Baada ya nusu saa nikamwambia vitu viwili nilivyoona, kwamba karatasi ya oda inakaa ghorofani wakati mzigo unapokelewa chini, na kwamba vitu vya kampuni moja vimepangwa sehemu tatu tofauti. Af nikamwambia ninaweza kuhesabu stoo yote na kuipanga upya kwa wiki mbili, kwa malipo ya wiki mbili, bila mkataba wa ajira.

Alikataa. Alisema hana idhini. Wiki tatu baadaye akanipigia.

Sasa mipaka ya hii kitu, maana ikitumika vibaya inakuwa utumwa. Kuangalia nusu saa na kusema unachokiona ni bure. Kufanya ni kwa malipo. Anayekwambia "njoo ufanye mwezi mmoja tukuone" bila hela anataka mwezi wa bure, na akiisha wewe anatafuta mwingine wa kumwona. Kabla hujaanza kubalianeni kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp inatosha: kazi gani, inaisha lini, inaisha ikiwa imefanana vipi, malipo kiasi gani, na nusu mwanzoni. Mimi sikuomba nusu mwanzoni na hela yangu ilichelewa siku kumi na tisa, nilikuwa nahesabu.

Vibarua vya namna hii vina faida nyingine, vinaziba pengo kwenye CV. Kuna utafiti ulichapishwa 2013, watafiti walituma CV za kubuni kama 12,000 kwenye matangazo ya kweli katika miji 100 ya Marekani, wakaona kadiri mtu anavyoonekana kukaa muda mrefu bila kazi ndivyo anavyoitwa mara chache, na kuporomoka huko kulikuwa kwenye miezi nane ya kwanza. Lakini walikuta pia kwamba pale ambapo kazi zenyewe ni adimu adhabu hiyo inapungua, maana mwajiri anajua wengi wako nje na siyo kosa lao. Kwahiyo pengo lako la kipindi kibaya halitishi kama unavyofikiria usiku, ila ukiweza kuandika "kazi za muda za stoo kwa wateja wawili" ni bora zaidi kuliko kuacha weupe.

Hatua ya 8: Matangazo nayo yasomwe, kwa kipimo

Sisemi usiaplai. Sema usiaplai mia. Yachukue machache kwa wiki yanayofanana na wewe kweli, ukitimiza kama theluthi mbili ya wanachotaka tuma, wengi wanaandika sifa za malaika. Tuma siku za mwanzo mwanzo maana wakipata za kutosha hawafungui tena. Halafu kabla ya kutuma rudi kwenye orodha ya hamsini uone kama kuna mtu pale ndani au jirani ya pale, mwulize "hiyo nafasi ni ya kweli au wameshampata mtu?" Itakuokoa jioni nyingi.

Weka daftari: tarehe, kampuni, nafasi, CV gani ulituma, nani ulizungumza naye. Siku utakayopigiwa simu uko barabarani na mtu anasema "unaongea na HR kuhusu maombi yako" bila kusema wapi, utajua kwanini.

Hatua ya 9: Usaili, mambo matatu tu

La kwanza, kwanini uliondoka. Sentensi mbili: "Kampuni ilipunguza matumizi, nafasi yangu na nyingine kumi zikaondolewa. Toka hapo nimekuwa nafanya kazi za muda za stoo, ya mwisho ilikuwa ni kupanga upya mapokezi ya mizigo." Halafu nyamaza. Kimya kitakuwa kizito, kiache kiwe kizito, usikijaze na meneja wako wa zamani.

La pili, mshahara. Ukiulizwa mapema uliza wao wamepanga kiasi gani kwa nafasi hiyo. Wakikubana taja kiasi cha chini unachoweza kuishi nacho ukiwa umeshakihesabu nyumbani, usikikokotoe pale kwenye kiti.

La tatu, waulize wao. "Aliyekuwa anafanya kazi hii ameenda wapi?" Jibu la swali hilo ni nusu ya mkataba.

Hatua ya 10: Wezi wa watafuta kazi

Uchumi ukilala hawa wanaamka. Anayetaka hela ili akupe kazi ni mwizi, iite ada ya fomu, ya vipimo, ya sare, ya mafunzo, vyovyote. Hata mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mtafuta kazi, ukiacha mazingira machache yaliyoruhusiwa rasmi. Dalili nyingine: umepata kazi bila usaili, mshahara mkubwa kuliko kazi yenyewe, wanataka nakala ya kitambulisho na maelezo ya benki kabla hata hujaona ofisi, na haraka, kila kitu leo leo. Kama ni kazi ya nchi nyingine mkataba uusome ukiwa bado nyumbani kwako, na paspoti ikae mfukoni kwako.

Mwizi hakupati kwa sababu wewe ni mjinga. Anakupata mwezi wa tano, saa tano usiku, ukiwa umetoka kuangalia salio.

Hatua ya 11: Ukipewa kidogo kuliko zamani

Mimi nilipewa mkataba wa miezi sita baada ya vile vibarua, mshahara chini ya ule wa zamani, na nilikubali. Kipimo changu kilikuwa hivi: inalipa matumizi yaliyochujwa? Ndani yake nitafanya kitu ninachoweza kukiandika kwenye CV? Inaniachia hata asubuhi moja kwa wiki ya kuendelea kutafuta? Mbili kati ya tatu, nilichukua. Ingekuwa moja tu ningekataa, isipokuwa kama ile namba ya ukutani imebaki mwezi mmoja, hapo unachukua hata ya sifuri kati ya tatu na hakuna wa kukuuliza.

Ukisaini, rudi kwenye orodha uwapigie wote waliokujibu, hata wale wa pole tu, uwaambie umepata na ni wapi. Dereva Mizigo nilimpigia jioni ileile. Akacheka sana, akaniuliza kama sasa akileta mzigo atasubiri dakika ngapi. Nikamwambia ishirini. Wiki ya kwanza alisubiri hamsini, nimemwomba radhi, karatasi ya oda bado iko ghorofani.